Verna Alivyomrudishia Wendell Mapipa

Mtaani kwetu mtu hatangazi kwamba amezeeka. Anatangaziwa, na tangazo lenyewe ni pipa la taka.

Sheria za mapipa tunazijua kama Baba Yetu. Jumatano, saa kumi na mbili jioni ikishapita, unayaburuta hadi ukingo wa barabara: la kijani la taka za kutupa, na la buluu la makopo na karatasi kama ni wiki yake. Magurudumu yaelekee nyumbani kwako, mfuniko ufungwe, na kati ya pipa na pipa uache nafasi ya mtu kupita, maana lori la siku hizi halina vijana wa kubeba. Lina mkono mmoja wa chuma, na mkono huo hauna macho. Alhamisi asubuhi lori linapita. Kabla giza halijaingia, mapipa yawe yamerudi nyuma ya nyumba, mpita njia asiyaone. Hayo tu.

Lakini kuna sheria nyingine ambayo manispaa haikuiandika: pipa la mwenzio huligusi. Ukiona mtu anamrudishia jirani pipa lake, ujue huyo jirani amekwisha. Ndivyo tulivyopata habari za mzee Orville wa kona. Kwanza alirudishiwa pipa. Baadaye akaanza kuletewa masinia ya viazi na nyama ya kusaga. Kisha watoto wake wakaja na nyuso za huruma, na mwisho kibao cha nyumba inauzwa kikasimikwa kwenye majani mbele ya mlango. Hakuna aliyesema neno baya. Sisi watu wa kaskazini mwa Wisconsin hatusemi neno baya. Tunapika.

Naeleza haya ili umwelewe Verna Tollefson, maana watu wanaomjua kanisani tu husema ni mama mpole. Mpole! Mimi nilisugua masufuria chini yake miaka yote aliyokuwa mpishi mkuu wa shule, na nyumba yangu inatazamana na yake. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mchungaji mmoja kijana aliwahi kusema kahawa ya Verna ni nyepesi. Kwaresima nzima, kila baada ya ibada, Verna alimmiminia maji ya moto matupu kwenye kikombe na kumuuliza kwa tabasamu, "Sukari, Mchungaji?" Naye akanywa. Angefanyaje mbele ya washarika?

Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono iliyozoea kunyanyua vyungu vya watoto mia kadhaa. Mumewe, Palmer, alifariki kwenye nyumba ile ile waliyoijenga wenyewe, na Verna alikuwa ameshasema hadharani kwamba naye atatolewa humo miguu ikitangulia. Hilo lilikuwa jambo moja tu alilomwomba Mungu. Mengine aliyafanya mwenyewe.

Jirani yake wa ng'ambo ya uzio alikuwa Wendell Haase. Huyu alifanya kazi idara ya barabara ya wilaya hadi alipostaafu, na futi ya kupimia haikuwahi kutoka mfukoni mwa shati lake. Alipima urefu wa majani ya watu. Alipima umbali wa visanduku vya barua kutoka lami. Lakini nisimnyime haki yake: akiwa na miaka zaidi ya sabini alipanda paa lake mwenyewe na kuzoa theluji yake mwenyewe kwa koleo, akiwatazama vijana wenye mashine kama watu waliokosa malezi. Mkewe alipofariki, Verna alimpelekea supu majira yote ya baridi. Kila siku. Wendell alikula, akarudisha bakuli likiwa safi, akashukuru kwa kichwa.

Kumbuka hiyo supu. Verna hakuisahau.

Ile vuli Verna alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Alirudi nyumbani na fremu ya kutembelea, anasogea kama anayepita kwenye matope. Kuzunguka hadi nyuma ya nyumba na mapipa hakuweza, hivyo akayaacha kando ya ngazi za mbele, yakionekana. Baada ya siku chache mtu wa manispaa akaja kubandika karatasi ya rangi ya chungwa mlangoni. Onyo. Kuna mkazi amelalamika.

Verna aliibandua karatasi ile. Akayasogeza mapipa kidogo kidogo hadi nyuma ya nyumba. Jumatano iliyofuata akayatoa mchana, jua likiwa bado lipo, kwa sababu jioni ile barafu ilikuwa ikianza kushika njia na hakutaka kuanguka. Karatasi ya pili. Mapipa yametoka kabla ya saa.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma mimi. Alikuwa amechoka, akaligeuza pipa vibaya, magurudumu yakaelekea barabarani. Mkono wa chuma ukalishika, ukalinyanyua, mfuniko ukakwama, na taka zote za mwanamke huyu zikamwagika katikati ya lami: maganda, vidonge vilivyokwisha, nepi za watu wazima alizopewa hospitali. Nilikuwa bado natafuta viatu vyangu. Wendell alikuwa amesimama barazani kwake na kikombe cha kahawa. Akaweka kikombe chini. Nikadhani anakwenda kusaidia. Akatoa simu, akapiga picha.

Niliokota na Verna mpaka vidole vikafa ganzi. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja hadi kwenye uzio, akiiburuta fremu yake.

"Wendell, ni wewe?"

"Sheria ni sheria, Verna."

"Mlango wangu uko hatua chache kutoka wako. Mbona hukuniambia tu?"

"Mimi siyo redio ya manispaa. Nikikuachia wewe, kesho mtaa mzima utaweka mapipa mbele. Halafu tutaishi kama wapi?"

"Palmer aliponichukua kunileta hapa, wewe ulikuwa bado unavaa kaptura."

"Sasa hilo linahusiana nini na mapipa?"

"Halihusiani," Verna akasema. "Sawa."

Mimi nilipolisikia lile "sawa" nilijua. Kule jikoni shuleni, msambazaji wa maziwa aliyeambiwa "sawa" ya namna ile hakurudi tena mwaka uliofuata.

Wendell hakujua, au hakujali kujua, kwamba mtoto wa Verna, Curtis, alikuwa akitafuta sababu ya kumhamisha. Curtis anaishi Minneapolis, ana moyo mzuri na wasiwasi mwingi, na alikuwa ameshakwenda kutazama chumba kwenye makao ya wazee kando ya ziwa. Alipokuja Jumamosi na kuzikuta zile karatasi tatu juu ya meza, uso ulimbadilika. Nilikuwepo, nakata mkate.

"Mama, hata mapipa yanakushinda sasa?"

"Hayajanishinda. Nilikosea upande."

"Ndiyo nasema. Leo umekosea upande wa pipa, kesho utakosea kuzima jiko."

"Curtis, usinifanye mtoto."

"Sikufanyi mtoto, mama. Nakupenda. Lakini ikija karatasi nyingine moja, tunakwenda kuweka jina lako pale ziwani. Tumeelewana?"

Verna, mtu aliyewahi kulisha shule nzima na umeme umekatika, akamtazama. "Tumeelewana," akasema.

Nilimwambia ningemtolea mapipa yake kila wiki, kwangu si kazi. Nusura anipige na fremu. "Lavonne, ukiligusa pipa langu umenizika. Watu wataanza kupika." Kweli tupu. Nikarudi nyumbani kwangu na mikono yangu.

Majira yote ya baridi nilimtazama kupitia dirisha. Alichukua mkanda wa joho la kulalia la marehemu Palmer, akafunga upande mmoja kwenye mpini wa pipa na upande mwingine kwenye fremu, akaliburuta nyuma yake kwenye theluji. Alianza saa kumi na mbili ikigonga, si dakika kabla. Akitoka hivi, nami nasimama dirishani na koti limeshavaliwa, nikiwa tayari kukimbia akianguka. Hakuanguka. Wendell naye alisimama kwenye dirisha lake na futi yake mfukoni, akisubiri kosa. Hakulipata. Nilimchukia mtu yule. Nilimchukia hadi nikawa namwombea vibaya wakati wa sala ya kimyakimya, na sitaki ushauri kuhusu hilo.

Theluji ikayeyuka. Nyonga ikapona. Fremu ikapelekwa ghalani, na Verna akaanza kutembea kwa mwendo wake wa zamani.

Alhamisi moja ya Aprili lori limepita, Wendell yuko ndani anakula mayai yake. Namwona Verna anatoka na kitambaa begani. Hakwenda kwenye mapipa yake. Akavuka, akashika mapipa ya Wendell, moja kila mkono, na kuyasukuma taratibu hadi mlango wa banda la gari. Akayapanga sambamba, magurudumu ukutani. Kisha akapangusa mifuniko kwa kitambaa, kama anayempangusa mgonjwa uso. Mabibi wawili waliokuwa wakitembeza mbwa walisimama. Verna akawapungia mkono na kutikisa kichwa kwa huzuni.

Nilivuka barabara mbio. "Verna! Umefanya nini?"

"Nimemsaidia jirani."

"Wewe!"

"Ni mtu mzima, Lavonne. Anaishi peke yake."

Hapo nikaelewa, nikacheka mpaka nikashika kisanduku cha barua nisianguke. Hakuna karatasi ya rangi yoyote inayobandikwa mlangoni kwa kosa la wema.

Alhamisi iliyofuata, tena. Safari hii Wendell alimwahi katikati ya njia, leso ya mezani bado imechomekwa shingoni.

"Acha pipa langu!"

"Pumzika, Wendell," Verna akajibu kwa sauti iliyofika hadi ile nyumba aliyoiacha Orville kwenye kona. "Usijisumbue. Ndiyo kazi ya majirani."

"Nani kakuambia nahitaji msaada?"

"Hakuna mtu. Hilo ndilo linalonihuzunisha. Mtu anaumia kimya kimya."

"Siumii popote!"

"Najua, ndugu yangu. Najua." Akampapasa mkono, akaendelea kusukuma.

Jumapili ile sinia la kwanza la viazi na nyama lilifika mlangoni kwa Wendell. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa hana nafasi kwenye friji. Akimwambia mtu kwamba ni mzima, mtu yule anainamisha kichwa na kusema, "Bila shaka, Wendell, bila shaka," kisha anaongeza kopo la maandazi. Kanisani jina lake likasomwa kwenye maombi ya wagonjwa. Wendell akainuka pale pale kitini.

"Mimi si mgonjwa!"

"Amina!" akasema Mchungaji. "Hiyo ndiyo imani."

Sikuweza kuimba wimbo uliofuata. Verna aliuimba wote, beti zote, kwa sauti ya pili.

Ndipo Wendell akafanya kosa ambalo ni mtu wa mtaa wetu tu angelifanya. Badala ya kumwachia Verna mapipa na kujicheka, aliamua kuyalinda. Kila Alhamisi kukipambazuka akawa amesimama ukingoni mwa barabara, kandambili za nyumbani miguuni, mkono mmoja juu ya pipa, akiangalia kushoto na kulia. Lori likichelewa, anasimama. Mvua ikinyesha, anasimama. Verna akitokea barazani, Wendell analivuta pipa karibu na kifua na kuanza kusema peke yake.

Sasa wewe fikiria unapita hapo na gari unakwenda kazini. Mzee wa watu, asubuhi, amelikumbatia pipa la taka kwenye mvua, anabwabwaja. Utampigia nani simu? Watu walimpigia binti yake, Denise, mwalimu huko Green Bay. Walimpigia wengi, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilimwona Wendell akibadilika. Ukiambiwa na watu wengi kwamba unaumwa, unaanza kujipapasa. Aliacha kupanda paa. Siku moja alisimama kwenye duka la vifaa akiwa ameshika parafujo, asikumbuke ya nini, jambo linalonipata mimi kila wiki. Lakini yeye lilimtia hofu, na hofu yake ikaonekana, na aliyeiona akaisimulia. Mwezi wa Juni alilikimbilia pipa wakati mkono wa chuma haujalishusha vizuri, kandambili moja ikateleza, akaanguka kwenye ukingo na kuvunjika kifundo cha mkono.

Verna ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Alimfunika na aproni yake mpaka lilipofika.

Denise alikuja, zile simu zote zikiwa kichwani mwake na mkono wa baba yake ukiwa kwenye plasta. Hakuchukua muda kuamua. Chumba kilikuwa kimepatikana pale pale ziwani, na siku ya kuhama ikapangwa Julai.

Siku hiyo kulikuwa na joto la kukausha mate. Nilivuka kwenda kusimama na Verna kwenye njia ya Wendell, kwa sababu ndivyo inavyofanywa mtu akiondoka. Verna alikuwa ameoka mkate. Mabegi yalikuwa yameshapakiwa, na Wendell ameketi kiti cha mbele cha gari la binti yake, kioo kimeshushwa, mkono wa plasta mapajani. Sijawahi kumwona mdogo namna ile. Mfuko wa shati lake ulikuwa mtupu.

Denise alimkumbatia Verna akilia. "Sijui nikushukuruje. Watu wananiambia wewe ndiye uliyeona mapema. Mimi mtoto wake wala sikujua."

"Mtoto yuko mbali," Verna akasema. "Jirani yuko karibu."

"Verna." Wendell aliita kwa sauti ya chini. Tukageuka sote. "Verna, mwambie."

"Baba, tumeshaongea," Denise akasema.

"Huyu anajua. Mwache aseme." Alikuwa amelishika dirisha kwa mkono mzima. "Nilikukosea. Sawa? Zile karatasi zote zilikuwa zangu, na nilikosea, nakuomba radhi hapa mbele ya Lavonne na mwanangu. Sasa mwambie kwamba mimi ni mzima. Mwambie ulichokuwa unafanya. Neno lako moja tu, atakusikiliza."

Denise alimtazama baba yake, kisha akamtazama Verna, na niliona kwamba ni kweli: angemsikiliza. Mabegi yangeshushwa. Kibao cha kuuza nyumba kilikuwa bado kimelazwa barazani, hakijasimikwa.

Miezi yote ile nilikuwa nimesubiri kuona Wendell Haase akiomba radhi. Nilidhani nitafurahi. Nilijikuta nataka Verna aseme, aseme haraka, tushushe mabegi na twende kunywa kahawa. Nilimgusa kiwiko. Kilikuwa kigumu.

Verna akainama hadi dirishani, akamtazama Wendell karibu sana. Akaweka mkate mapajani pake, juu ya plasta. Kisha akainuka na kumgeukia Denise.

"Mvalishe sweta, mwanangu," akasema kwa upole. "Siku hizi hajui tena kama anasikia baridi."

Wendell aliliachia dirisha. Alinitazama mimi. Mimi nikatazama chini, kwenye lami iliyokuwa ikilainika kwa jua.

Denise akazunguka nyuma ya gari, akafungua begi, akapekua mpaka akapata sweta ya sufu. Akamvalisha baba yake mkono mmoja kwanza, kisha akaupitisha polepole ule wa plasta, akamfunga vifungo vyote hadi shingoni. Na Wendell, jasho likimchuruzika usoni, akakaa kimya akavalishwa.